Hati yako ya madai ina kasoro? Namna ya kuomba marekebisho mahakamani, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kesi ya madai Mahakama ya Wilaya, Mahakama ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu hapa Tanzania, iwe unajisimamia mwenyewe au una wakili ila unataka kuelewa anafanya nini na hela yako inaenda wapi. Umeshafungua kesi, au umeshajibu kesi uliyofunguliwa, alafu ukakaa ukaisoma tena ile hati ukaona tarehe sio yenyewe, au namba ya kiwanja imekosewa, au kuna jambo kubwa kabisa hukuliandika. Usipaniki. Sheria imeliona hilo muda mrefu na imeweka mlango, ila ni mlango ambao kila wiki inayopita unazidi kuwa mwembamba, na watu wengi wanaukuta umefungwa kwasababu walisubiri.

Kama kesi yako iko Mahakama ya Mwanzo hii haikuhusu moja kwa moja, kule wana kanuni zao na mambo mengi unamueleza hakimu kwa mdomo. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya nalo lina kanuni zake za mwaka 2003, zikiwa hazijagusa jambo ndio wanachukua Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, ambayo ndio tunayoiongelea hapa. Na kama uko Mahakama Kuu Kitengo cha Biashara anza na kanuni zao za 2012 kabla ya kitu chochote.

Kwanza elewa kwanini hati ina uzito kiasi hiki

Hakimu hakupi usichokiomba. Unaweza ukasimama kizimbani ukaeleza vizuri mpaka watu wakatikisa kichwa, lakini kama jambo halimo kwenye hati yako mwenzako atasimama aseme Mheshimiwa hili ni jipya halikuwepo kwenye madai, na mara nyingi atasikilizwa. Kwenye kesi ya James Funke Gwagilo dhidi ya Mwanasheria Mkuu, iliyoripotiwa 2004, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba kazi ya hati za madai ni kumpa mwenzako taarifa ya kesi anayokuja kukutana nayo ili asishtukizwe. Kwaiyo wahusika mnafungwa na mlichoandika. Na hasara mahususi, yani ile unayoweza kuitaja kwa shilingi na risiti, lazima uitaje kwenye hati na uithibitishe kikamilifu, hilo lilisemwa kwenye Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe mwaka 1992 na mpaka leo linanukuliwa karibu kila hukumu ya fidia. Una risiti za milioni nane lakini hujaziandika popote kwenye hati? Utaondoka na fidia ya jumla ambayo hakimu anakadiria yeye, au usipate.

Sasa kifungu chenyewe. Ni Oda ya VI kanuni ya 17 ya Sura ya 33 (Oda ni mafungu ya kanuni ndani ya sheria hiyo). Inasema mahakama inaweza, katika hatua yoyote ya shauri, kumruhusu upande wowote abadilishe au arekebishe hati zake kwa namna na kwa masharti ya haki, na marekebisho yote yanayohitajika ili kuamua yale mnayobishania kweli yatafanyika. Soma hapo mara mbili. "Hatua yoyote", "upande wowote", maana yake hata mdaiwa anarekebisha utetezi wake wa maandishi, sio mdai peke yake. Lakini ni kwa ruhusa, hamna kuchomoa hati ya zamani ukaingiza nyingine kimya kimya, na kanuni ya 7 ya Oda hiyohiyo inakataza kuleta msingi mpya wa madai au maelezo yanayopingana na uliyoandika mwanzo isipokuwa kwa njia ya marekebisho.

Hatua ya 1: Isome hati yako kama vile wewe ndio adui

Printi nakala, chukua kalamu, kaa mahali pametulia. Pembeni weka utetezi wa mwenzako kama ameshajibu, mana mara nyingi yeye ndio amekuonyesha kasoro yako bila kutaka. Pitia aya moja moja ukijiuliza: ni nani, lini, wapi, kiasi gani, na nina karatasi gani ya kuonyesha.

Nikupe mfano wa kutunga, ila ni wa aina inayokutwa sana. Mdai ni mfanyabiashara wa mchele wa Kahama, aliuza mzigo kwa mtu wa Dar. Aya yake ya 5 ilikuwa hivi:

"5. Kwamba, mwaka 2023 mdai alimpa mdaiwa mchele wenye thamani ya Tsh 54,000,000 na mdaiwa amekataa kulipa."

Inaonekana ipo sawa eeh? Haipo sawa. Mkataba uko wapi, ulikuwa wa mdomo au wa maandishi, mzigo ulipokelewa lini, malipo yalitakiwa yawe yamefanyika lini (hapa ndipo muda wa kufungua kesi unapoanza kuhesabiwa) na kubwa zaidi, mdaiwa kwenye utetezi wake amesema ameshalipa milioni 14 kwa benki na ukiangalia taarifa ya akaunti ni kweli. Mdai akienda kusikilizwa na hati hii, swali la kwanza la wakili wa upande wa pili litakuwa hilo la milioni 14, na uaminifu wake wote unaondoka hapohapo.

Baada ya kurekebishwa ikawa hivi:

"5. Kwamba, tarehe 11 Machi 2023 jijini Dar es Salaam, mdai na mdaiwa waliingia mkataba wa maandishi (kiambatisho A1) ambapo mdai alimuuzia mdaiwa magunia 300 ya mchele, kila gunia kilo 100, kwa bei ya Tsh 180,000 kwa gunia, jumla Tsh 54,000,000.

6. Kwamba, mdaiwa alipokea mzigo wote tarehe 14 Machi 2023 (kiambatisho A2) na kwa mujibu wa mkataba alitakiwa kulipa ndani ya siku 60 tangu kupokea, yaani kufikia tarehe 13 Mei 2023.

7. Kwamba, tarehe 2 Mei 2023 mdaiwa alilipa Tsh 14,000,000 kupitia benki (kiambatisho A3), na salio la Tsh 40,000,000 hajalilipa mpaka leo licha ya kudaiwa mara kadhaa."

Ona kiasi kimepungua kutoka 54 mpaka 40, na kesi imekuwa na nguvu zaidi. Watu wanaogopa kupunguza madai wakidhani wanaonekana waongo, wakati anayeonekana muongo ni yule anayeng'ang'ania namba ambayo benki yenyewe inamkana.

Ukimaliza kusoma zigawe kasoro zako. Zipo ndogo: tarehe, herufi za jina, namba ya kiwanja au ya hati miliki (kwenye kesi ya ardhi Oda ya VII kanuni ya 3 inataka maelezo yanayotosha kuitambua ardhi yenyewe, kwaiyo "shamba lililopo Mbezi" haitoshi), na uthibitisho wa mwisho wa hati ambao haujaonyesha aya zipi unazijua mwenyewe na zipi umeambiwa na mtu. Hizi mahakama haizisumbukii sana. Zipo za kati, kama kuongeza maelezo ya ukweli, kuongeza hasara mahususi, kuongeza nafuu unayoomba kama riba au zuio. Na zipo nzito, kuongeza au kubadilisha mtu, au kuleta sababu mpya kabisa ya kudai. Hapo kwenye nzito ndio lazima uende hatua inayofuata kwa makini.

Hatua ya 2: Kagua kama marekebisho yenyewe hayatakuzamisha

Mambo manne.

Muda. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba, miaka 3 kwa madhara kama kashfa au ajali, na miaka 12 kwa kurudisha ardhi. Tuseme yule wa mchele anataka kuongeza kwamba Juni 2023 mdaiwa alimtangaza kwenye grupu la WhatsApp la wafanyabiashara kwamba ni tapeli. Hayo ni madai ya kashfa, yana miaka 3 yake, na akiomba kuyaingiza baada ya Juni 2026 anaomba kitu kilichokwisha, mahakama haitatumia kanuni ya 17 kumfufulia na kumnyang'anya mwenzake kinga ya ukomo ambayo tayari anayo. Lakini kufafanua mkataba uleule uliokuwepo kwenye hati tangu siku ya kwanza ni jambo lingine kabisa, hapo huleti dai jipya unalieleza vizuri la zamani.

Mamlaka ya mahakama. Ukiongeza kiasi angalia usivuke paa. Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi zinaishia milioni 300 kwa mali isiyohamishika na milioni 200 kwa mengine, na kwa mashauri ya kibiashara viwango ni vya chini zaidi, milioni 100 na milioni 70. Uko na dai la milioni 65 la biashara alafu unarekebisha linakuwa 75, umejitoa mwenyewe nje ya mahakama uliyopo. Pia kama mahakama haikuwa na mamlaka tangu mwanzo usitegemee marekebisho kuipa mamlaka, kesi ya hivyo inaondolewa tu.

Ada. Kiasi kikipanda ada ya mahakama nayo inaweza kupanda, ulizia masjala kabla ili siku ya kuwasilisha usikwame.

Serikali. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020, ukishtaki halmashauri, wakala wa serikali na taasisi za namna hiyo lazima Mwanasheria Mkuu wa Serikali awemo, kesi inaenda Mahakama Kuu, na kabla ya kufungua unatakiwa uwe umetoa notisi ya siku 90. Wengi wanagundua katikati ya kesi kwamba Mwanasheria Mkuu hayumo wanakimbilia kuomba kumuongeza kwa marekebisho. Utaulizwa notisi iko wapi. Kama hukuitoa, ni salama zaidi kuondoa shauri kwa ruhusa ya kulifungua upya, utoe notisi, uanze vizuri (muda wa ukomo ukiruhusu).

Na kuna lisilorekebishika hata kwa dawa: kama uliyemshtaki alikuwa ameshafariki siku unafungua kesi, huna kesi ya kurekebisha, unatakiwa ufungue nyingine dhidi ya msimamizi wa mirathi.

Hatua ya 3: Wahi, hasa kabla ya pingamizi la awali

Hapa ndipo naomba mnisikilize kuliko sehemu zote. Kanuni inasema hatua yoyote, lakini majaji wanatofautisha sana anayeomba mapema na anayeomba mashahidi wakiwa wameshamaliza. Msimamo wa zamani unaonukuliwa hadi leo ni wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki kwenye Eastern Bakery dhidi ya Castelino, 1958: marekebisho yanayoombwa kabla ya usikilizwaji yaruhusiwe kwa uhuru kama yanaweza kufanyika bila kumfanyia mwenzako dhulma, na hakuna dhulma kama anaweza kufidiwa kwa gharama. Kabla ya usikilizwaji. Baada ya hapo unaanza kubeba mzigo wa kueleza ulikuwa wapi siku zote.

Muda mzuri kabisa ni baada tu ya kupata utetezi wa mwenzako na kabla ya kikao cha kwanza cha kupanga ratiba ya shauri. Ratiba ikishapangwa, kesi ikawekwa kwenye kundi lake la miezi ya kumalizika, kutoka nje ya ile ratiba kunahitaji sababu ya maslahi ya haki na gharama kwa kawaida zinamwangukia anayesababisha.

Sasa pingamizi. Mwenzako akishaweka pingamizi la awali, yani hoja ya kisheria ya kutaka kesi iondolewe kabla haijasikilizwa, labda kwamba hati haionyeshi sababu ya madai, wewe ukakurupuka kuomba marekebisho ili kuziba lile tundu alilolionyesha, mahakama nyingi zitakukatalia. Kwenye Method Kimomogoro dhidi ya Bodi ya Wadhamini wa TANAPA, Mahakama ya Rufani ilisema haitavumilia mtindo wa wakili kujaribu kulikwepa pingamizi kwa kuleta pingamizi jingine au kwa kurekebisha kosa linalolalamikiwa. Mahakama za chini zinaufuata msimamo huo kila siku. Pingamizi litasikilizwa kwanza.

Ila hujafungwa mikono. Oda ya VII kanuni ya 11, ileile inayosema hati isiyoonyesha sababu ya madai ikataliwe, ina sharti ndani yake kwamba kama mahakama ikiridhika kuwa hati ikirekebishwa itaonyesha sababu ya madai, au haitaonekana tena kuzuiwa na sheria, inaweza kumruhusu mdai arekebishe kwa masharti ya gharama. Kwaiyo unapojibu pingamizi jibu kwanza kwamba halina mashiko, alafu mwisho sema kwa njia mbadala, endapo Mheshimiwa utaona hati ina upungufu, tunaomba badala ya kuikataa uturuhusu turekebishe kwa mujibu wa sharti lile, na taja ukweli gani hasa utauongeza. Mawakili wengi wanasahau kuomba hivi, kesi inaondolewa, mteja anaanza moja.

Ipo pia inayoitwa kanuni ya oksijeni, iliyoingizwa kwenye Sura ya 33 na marekebisho ya mwaka 2018, inasaidia kwa kuwa inataka mashauri yaamuliwe kwa haki, haraka na kwa gharama nafuu, lakini usiitegemee peke yake. Mahakama ya Rufani imeshasema haiwezi kutumiwa kuvunja masharti ya lazima ya sheria. (Kama unatumia juzuu mpya za toleo la 2023 kagua namba za vifungu kabla ya kunukuu, zipo zilizohama.)

Hatua ya 4: Peleka ombi

Njia ni tatu na zote ziko kwenye Oda ya XLIII kanuni ya 2.

Ya kwanza ni ya mdomo, mahakama ikiona inafaa. Hii ndio nzuri kwa kasoro ndogo na za kati kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Unasimama siku shauri linapotajwa, unasema kitu kama hiki: "Mheshimiwa, mdai anaomba chini ya Oda ya VI kanuni ya 17 ya Sura ya 33 aruhusiwe kurekebisha hati ya madai, aya ya 5, ili kueleza tarehe ya mkataba, tarehe ya malipo na kiasi kilicholipwa, na kuongeza aya moja ya hasara mahususi. Usikilizwaji haujaanza, mdaiwa atapata nafasi ya kujibu, na tuko tayari kwa amri yoyote ya gharama." Basi, kaa. Usisome hati nzima. Wengi wanakosea kwa kuomba "kufanya marekebisho kidogo" bila kusema ni nini, hakimu anaandika hivyohivyo "marekebisho" na baadae mnaanza kugombana uliruhusiwa nini.

Ya pili ni kwa maridhiano. Mkikubaliana wote mnaandika hati fupi ya makubaliano mnasaini pande zote au mawakili wenu, mnaipeleka. Mpigie wakili wa upande wa pili kabla ya tarehe, umweleze kistaarabu, "wakili msomi nina marekebisho kwenye aya hizi". Wengi wanakubali, mana na wao kesho watakuja na ombi kama hilo.

Ya tatu ndio ya kawaida kisheria, chamba samansi (karatasi rasmi ya ombi) na kiapo (maelezo ya ukweli unayoyaandika na kuyaapia). Itumie kwa marekebisho mazito au ukijua mwenzako atapinga. Kwenye kiapo eleza, kwa aya fupi: kesi iko hatua gani, kasoro ni ipi, uliigundua lini na vipi, kwanini haikuonekana mwanzo, marekebisho yanasaidiaje kuamua mgogoro wenu halisi, na kwanini mwenzako hataumia. Ambatisha rasimu ya hati iliyorekebishwa. Sheria haisemi kwa maneno kwamba ni lazima rasimu iwepo, lakini hakimu akiiona mbele yake anaamua kitu anachokijua. Na usiweke hoja za kisheria wala maombi kwenye kiapo, kiapo ni ushahidi, hoja utazisema ukisimama. Kwasababu hiyohiyo kiapo chenye makosa hakirekebishwi kwa kanuni ya 17, hicho unaomba ruhusa ya kuleta cha nyongeza au unakiondoa unaleta kingine.

Lugha isikutishe. Tangu sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndio lugha ya mahakama, unaweza kuandika na kusema yote kwa Kiswahili.

Hatua ya 5: Mwenzako akipinga

Hoja zake zitakuwa karibu zilezile: unaleta kesi mpya, umechelewa, una nia mbaya, unamnyang'anya haki aliyokwisha ipata (kwa mfano kinga ya ukomo, au wewe ulikiri jambo kwenye hati na sasa unataka kulifuta). Jibu kwa mambo halisi. Onyesha aya ya zamani ambayo tayari ilitaja mkataba uleule, onyesha tarehe, onyesha kwamba shahidi wake bado hajatoa ushahidi. Kama umechelewa kweli eleza sababu moja ya kweli na yenye ushahidi, barua ya benki iliyotoka Agosti kwa mfano, kuliko sababu tano za kubahatisha.

Na kama wewe ndio unapinga, usipinge kila kitu. Mtu anarekebisha herufi ya jina lake unasimama nusu saa kupinga, unamchosha hakimu na siku ukileta pingamizi la maana hatakuwa na hamu na wewe. Omba gharama na muda wa kujibu, inatosha.

Hatua ya 6: Umeruhusiwa, sasa hesabu siku

Amri ikitolewa iandike palepale: umeruhusiwa kurekebisha nini, ndani ya siku ngapi, mwenzako anajibu lini, gharama zimeamuliwaje. Kama hakimu hakutaja siku, kanuni ya 18 ya Oda ya VI inakupa siku 14 tangu tarehe ya amri. Tangu tarehe ya amri, sio tangu ulipopata nakala. Zikipita huruhusiwi tena mpaka mahakama ikuongezee muda, na hapo unaanza ombi lingine na maelezo mengine wakati ungeweza kumaliza kila kitu ndani ya siku mbili.

Andaa hati nzima upya, sio karatasi ya masahihisho. Juu iandikwe HATI YA MADAI ILIYOREKEBISHWA, na chini yake kwamba imewasilishwa kwa mujibu wa amri ya mahakama ya tarehe fulani. Namba ya shauri ileile, majina yaleyale isipokuwa kama amri imegusa majina. Viambatisho vyote virudi, hata vile vya zamani, kwa sababu hati mpya inachukua nafasi ya ile ya mwanzo. Waingereza walilisema hili kwenye Warner dhidi ya Sampson, 1959, na mahakama zetu zimelifuata: ukisharekebisha, kilichokuwepo kabla hakina tena nafasi mbele ya mahakama. Mtu anaacha aya ya nafuu kwenye hati mpya akidhani ile ya zamani bado ipo, kumbe ameifuta kwa mkono wake.

Usiingize kitu ambacho hukuruhusiwa. Umeomba aya ya 5, rekebisha aya ya 5 na namba zinazofuatana nayo. Ukichomeka mdaiwa wa pili humo ndani mwenzako ataomba hati nzima iondolewe na atakuwa na haki. Saini upya, na uthibitisho uandikwe upya ukihesabu aya kwa namba mpya, mana aya zikiongezeka kutoka 12 hadi 15 na uthibitisho bado unasema "aya ya 1 hadi 12" umetengeneza kasoro nyingine siku hiyohiyo.

Kisha unapakia kwenye mfumo wa mahakama wa kielektroniki, unapata namba ya malipo, unalipa, unahakikisha imeonekana imepokelewa. Usiache kupakia hadi saa tano usiku wa siku ya mwisho, mtandao ukikata hakuna atakayekuamini kirahisi. Mpelekee mwenzako nakala na aweke saini yake au muhuri kwenye nakala yako.

Mdaiwa, ukipokea hati iliyorekebishwa usikae ukidhani utetezi wako wa zamani unatosha. Leta utetezi uliorekebishwa ndani ya muda uliowekwa kwenye amri, na kama amri haikutaja muda wako simama uuombe siku hiyohiyo. Na wewe usitumie nafasi hiyo kuleta mambo yasiyohusiana na yaliyobadilishwa bila kuomba ruhusa yako.

Hatua ya 7: Ukikataliwa

Kwa kawaida huwezi kukata rufaa papo hapo, kwa sababu amri ya kukataa marekebisho haimalizi shauri, na sheria zinazuia rufaa na mapitio kwa amri za katikati zisizomaliza kesi. Hakikisha ombi lako na sababu za kukataliwa zimeandikwa kwenye mwenendo (kumbukumbu za kesi), endelea na kesi, na ukishindwa mwisho unaweza kuifanya iwe moja ya sababu za rufaa.

Kama bila marekebisho kesi haina maisha kabisa, fikiria Oda ya XXIII kanuni ya 1, kuomba kuliondoa shauri kwa ruhusa ya kulifungua upya. Lazima uiombe hiyo ruhusa kwa maneno, ukiondoa tu bila ruhusa huwezi kurudi na dai lilelile. Na kanuni ya 2 inasema ukomo unahesabiwa kana kwamba kesi ya kwanza haikuwahi kuwepo, kwaiyo angalia kalenda kabla hujafungua mdomo.

Marekebisho yakipita kabla hoja bishaniwa (maswali ambayo mahakama itayaamua) hazijapangwa, hakikisha siku ya kuzipanga kila jambo jipya limepata hoja yake. Kama zilikuwa zimeshapangwa omba ziangaliwe upya chini ya Oda ya XIV kanuni ya 5. Kwenye mfano wetu wa mchele hoja ya zamani ingekuwa "je mdaiwa anadaiwa Tsh 54,000,000", sasa inatakiwa iwe kama mdaiwa alivunja mkataba wa tarehe 11 Machi 2023 na kama anadaiwa salio la Tsh 40,000,000. Ukiiacha ya zamani mashahidi wataongozwa na swali lililokufa, na hukumu itaandikwa kulijibu swali hilohilo.